Mawakala wamegombana, umeme umekata: wapi pa kuanzia kutafuta shida kwenye gridi ndogo ya sola

Kama umefika hapa kwa sababu umeme wako unakata saa saba mchana, jua linawaka na betri zimejaa, ruka yote haya nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbalamwezi, hilo tatizo lilinitesa miezi mitatu na sioni sababu likutese na wewe. Wengine twende taratibu.

Kwanza tuelewane, nikisema wakala simaanishi yule wa kibandani anayekutolea hela ya simu. Namaanisha kiprogramu kinachokaa kwenye kompyuta ndogo pembeni ya kila inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani), kila benki ya betri, jenereta, na siku hizi hadi pembeni ya friza kubwa za samaki. Kila kimoja kinapima mambo ya kwake, kinaongea na majirani wawili watatu, halafu kinaamua chenyewe kitoe umeme kiasi gani au kipunguze matumizi. Hakuna bosi. Ndio raha yake kwa visiwa vya huku Ukerewe, kompyuta ikifa upande mmoja upande mwingine unaendelea, hausubiri fundi apande meli kutoka Mwanza. Na ndio karaha yake pia, maana mambo yakiharibika hakuna wa kumshika shati umuulize nani kaamua hivi, wote wameamua.

Kitu cha pili ni kwamba huku visiwani hatuna uzito wa kutukinga. Ukiwa mjini Mwanza uko kwenye gridi ya taifa, nyuma yako kuna mitambo ya maji mizito inazunguka, bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115, mtu akiwasha mashine ya kusaga pale Igoma frikwensi, yaani umeme unapiga mawimbi mangapi kwa sekunde, inapimwa kwa Hz na kwetu ni 50, hata haishtuki. Kwenye gridi ya inveta tupu hakuna chuma kinachozunguka, mashine hiyohiyo ikiwashwa frikwensi inayumba ndani ya sehemu ya sekunde, haikupi muda wa kufikiri.

Ndio maana kuna ngazi mbili na lazima ujue unapambana na ipi. Ngazi ya chini iko ndani ya inveta yenyewe, mafundi tunaiita drupu: mzigo ukiongezeka inveta inashusha frikwensi kidogo kwa makusudi. Chukua inveta mbili, moja ya kilowati 10 nyingine ya 5, zote umeziseti zishuke nusu Hz kutoka 50 zikibeba mzigo kamili. Mita ikisoma 49.75 ujue kila moja iko nusu ya uwezo wake, kubwa inatoa 5, ndogo inatoa 2.5, na hawajatumiana meseji hata moja. Frikwensi yenyewe ndio meseji. Hilo likariri, tutalirudia mbele. Ngazi ya juu ndio mawakala, wao wanaongea kwa redio au waya, kazi yao kuirudisha ile 49.75 iwe 50 na kuangalia mzigo umegawanywa kwa haki, na wanafanya polepole kuliko drupu, au niseme wanatakiwa wafanye polepole.

Kipimo changu cha kwanza siku zote, kabla sijafungua laptopu wala kumpigia mtu simu: nazima maongezi. Yaani mawakala wote wanyamaze, sahihisho lao liwe sifuri, inveta zibaki na drupu yake tu. Fanya saa ambayo mzigo ni mdogo na wape watu taarifa, usije ukapigiwa kelele na mama wa saluni. Frikwensi itakaa sijui 49.8, haina shida, hakuna kitakachoungua. Sasa angalia, tatizo likiendelea liko chini, kwenye seti za inveta au kwenye nyaya, achana na programu. Likiisha, basi liko kwenye maongezi. Nimeona mafundi wanaandika upya programu wiki nzima kumbe ni skrubu ya niutro imelegea.

Frikwensi inacheza haitulii

Taa zinapumua, zinang'aa zinafifia zinang'aa, mita inaenda 49.6 inarudi 50.4. Umezima maongezi imetulia. Basi mawakala wanasahihisha kwa pupa, au wanasahihisha habari ya zamani.

Pupa nikuonyeshe kwa namba maana ukiiona hivi husahau. Mawakala wanne wa betri, kila mmoja anaongea na watatu wenzake, wanatafuta wastani wa chaji ili kila mmoja ajue yuko juu ya wenzake au chini. Wameanza na asilimia 80, 60, 40, 20. Kanuni ni kila mmoja achukue tofauti yake na kila jirani, azijumlishe, azidishe kwa hatua fulani, aongeze kwenye namba yake. Weka hatua ya 0.25: yule wa 80 tofauti zake ni -20, -40, -60, jumla -120, robo yake -30, anakuwa 50. Wote wanaangukia 50 kwa pigo moja, safi kabisa. Sasa weka hatua ya 0.5 ukidhani unaharakisha: wa 80 anatoa 60 anakuwa 20, wa 20 anakuwa 80, wa 60 anakuwa 40, wa 40 anakuwa 60. Wamebadilishana viti! Pigo linalofuata wanarudi walikotoka, na hivyo hivyo mpaka kesho asubuhi, wastani bado ni 50 ila hakuna hata mmoja anayeujua. Kwa hiyo hesabu wakala mwenye majirani wengi kuliko wote ana wangapi, hatua yako iwe ndogo kuliko moja gawanya kwa idadi hiyo. Majirani watatu, iwe chini ya theluthi. Na ukiongeza wakala mpya kwenye mtandao rudia hesabu, hapa ndipo watu wengi wanaanguka, gridi ilikuwa inaenda vizuri mwaka mzima wakaongeza betri ya tano na maongezi yake, ikaanza kucheza, wakalaumu betri.

Habari ya zamani ni hii sasa. Kuna mfumo niliukuta meseji kati ya inveta mbili zilizo mita 200 kutoka moja hadi nyingine zinapita kwenye laini ya simu, zinakwenda kwenye seva huko ng'ambo, zinarudi. Mtandao ukiwa mzuri sawa, jioni watu wote wakiingia kwenye simu zao meseji inachelewa sekunde mbili, na mawakala wanapiga hatua kila nusu sekunde. Ni kama unaendesha mtumbwi umefumba macho kuna mtu nyuma anakwambia kata kulia, ila sauti inakufikia ukiwa umeshapita. Unakata, unapitiliza, unakata upande wa pili. Dawa ni mbili tu, punguza nguvu ya kusahihisha na uongeze muda kati ya hatua, au toa maongezi kwenye laini ya simu weka redio au waya wa humohumo kisiwani. Mimi napendelea ya pili. Intaneti ibaki ya kutuma ripoti ofisini, isiwe ndio inashikilia taa za watu.

Usiku hakuna mzigo ila inveta moja inatoa na nyingine inameza

Hii ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani mita imechizi. Saa nane usiku, kijiji kimelala, mzigo mzima labda kilowati moja, halafu inveta ya mashariki inatoa 3 na ya magharibi inavuta 2. Umeme unahama betri hadi betri bila kazi, na kila ukihama unapungua.

Sababu niliyoikuta ni kwamba mawakala wameacha kusikiana lakini kila mmoja anaendelea kusahihisha kivyake. Wewe unadhani 50 ni 50, hapana, kila inveta ina kioo chake cha saa ndani na vioo havilingani, 50 ya huyu ni 50.000 na ya yule ni 49.999. Wakiwa wanasikiana wanakubaliana. Wasiposikiana kila mmoja anavuta frikwensi ifike kwenye 50 yake, haifiki kamwe kwa wote wawili, kwa hiyo sahihisho linajilimbikiza kidogo kidogo usiku kucha, mmoja anasukuma mwingine anavuta. Hivyo wakala asiposikia jirani kwa muda fulani, mimi naweka sekunde 10, sahihisho lake lianze kuyeyuka lenyewe kwenda sifuri, abaki na drupu. Drupu haigombani na mtu.

Sasa kwa nini wameacha kusikiana? Anza na waya. Kama unatumia RS-485, yaani maongezi ya waya mbili, A na B, zima umeme, weka multimita kwenye A na B upime ohimu. Ukipata kama 60 ujue rizista zote mbili za mwisho za ohimu 120 zipo. Ukipata 120 moja haipo, au waya umekatika katikati, au fundi aliyekutangulia aliona ni kichuma tu akakitoa. Na kwa huku ziwani angalia radi, mvua za ziwa zinapiga usiku sana kuliko mchana, waya mrefu wa maongezi ukipita juu hewani ni antena ya kukaribisha radi, chipu ya RS-485 inakufa kimyakimya bila moshi wala harufu. Mimi kwenye nyumba mbili tofauti siweki tena waya wa shaba, naweka redio au faiba, basi.

Kuna na kukatika kwa nusu, mtandao mmoja unakuwa makundi mawili, huku wanaelewana wao kwa wao na kule wao kwa wao, kila kundi lina wastani wake na kila kundi linajiona ndilo gridi nzima. Tiba ni kiungo cha pili, yaani kusiwe na wakala mmoja ambaye akifa anawatenganisha wengine. Chora kwenye karatasi, funika kila wakala kwa kidole mmoja mmoja, uone kama waliobaki bado wanafikiana. Dakika tano tu.

Betri moja inachoka mapema

Angalia kwanza drupu kama imesetiwa kwa uwezo wa kila inveta, tulishaongea hapo juu. Halafu angalia wakala anajuaje chaji ya betri. Kama anabahatisha kwa volteji na betri ni za lithiamu aina ya chuma fosfeti, anakudanganya bila kujua, maana volteji ya hizo betri kuanzia kama asilimia 20 hadi 80 inakaa karibu palepale. Anasema 70 kumbe 35. Lazima ahesabu ampea zinazoingia na kutoka, halafu mara kwa mara betri ijazwe mpaka juu kabisa ili hesabu ianze upya.

Lakini kuna sababu moja ya kijanja zaidi. Rudi kwenye ule wastani, wawili tu sasa, A ana 80 B ana 40, hatua 0.25. Wakisikiana wote A anakuwa 70, B anakuwa 50, jumla ilikuwa 120 na bado 120. Sasa meseji ya A imepotea njiani, B hakusikia kitu kabaki 40, A kamsikia B kashuka 70. Jumla 110. Kumi zimeyeyuka hewani, hakuna betri iliyopoteza hata wati moja, ni habari ndio imepotea, na kila meseji ikipotea upande mmoja wastani unahama tena. Baada ya siku mbili wote wanaamini gridi ina chaji kidogo kuliko iliyopo, wanawasha jenereta saa moja jioni na betri ziko robo tatu. Dizeli hiyo, na dizeli ya kisiwani inakuja kwa boti unajua bei yake. Kwa hiyo sahihisho lifanyike kwa wawili au lisifanyike kabisa: A asibadilishe namba mpaka B athibitishe kapokea. Au kila dakika kadhaa wafute yote waanze upya na vipimo halisi. Hii ya pili ni ya kizembe lakini inafanya kazi na ndio ninayoitumia.

Ukiona wati ziko sawa ila inveta moja bado ni ya moto na ampea ziko juu, ni umeme wa mota, ule usiofanya kazi ila unajaza waya. Frikwensi ni moja gridi nzima ndio maana wati zinagawanyika kwa haki, volteji inatofautiana kila nguzo kwa hiyo ule wa mota haugawanyiki vizuri, inveta iliyo karibu na mashine ya kusaga inaubeba wote. Mawakala wapeane na hiyo namba pia, wasipeane wati tu.

Meseji zinafika ila hakuna anayezijali

Hii ni fupi. Umeme ulikata wote, umerudi, mawakala wamewaka, ukifungua logi, kumbukumbu ya matukio, unaona meseji zinaingia na kila moja imeandikwa imetupwa, imepitwa na wakati. Ni saa. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri ndani, zikizimika masaa manne zinaamka zinadhani ni palepale zilipolalia, na kama intaneti haipo hakuna wa kuzirekebisha. Mmoja yuko saa kumi mwingine yuko saa sita, kila mmoja anamuona mwenzake anatuma barua za jana. Nunua kile kimoduli cha saa cha DS3231 chenye betri ya sarafu, bei si ya kutisha. Au meseji zihesabiwe kwa namba ya mfululizo badala ya saa.

Mbalamwezi

Haya ndugu zangu wa saa saba mchana.

Gridi yenyewe ni ya kisiwa kimoja, sikitaji. Paneli nyingi, benki tatu za betri, jenereta moja ya akiba. Inaenda vizuri wiki mbili tatu halafu ghafla siku kadhaa mfululizo, mchana kweupe, betri zimejaa, tap! giza, maana yake feni zimesimama, friza zimenyamaza, simu yangu imeanza kuita. Halafu inajiponya. Nilitafuta kama ni siku za gulio, hapana. Mvua, hapana. Nilishuku kontakta, ile swichi kubwa inayounga na kukata betri, nikabadilisha. Nilishuku mawakala, nikapunguza hatua mpaka ikawa inatambaa, tatizo likabaki.

Aliyenifumbua macho ni babu mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa, nilikaa kibarazani kwake nasubiri chai.

"Mjukuu wangu, mbona umeme wenu unakufa siku ambazo na sisi tumelala?"

"Mmelala vipi babu?"

"Si mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwenye taa, utamwashia nani?"

Nikaacha chai. Wavuvi wa dagaa wa huku wengi wameacha karabai, wanatumia taa za LED zenye betri, na zile betri asubuhi zinaletwa kuchajiwa, kuanzia saa tatu mpaka alasiri, mamia ya taa. Huo ndio ulikuwa mzigo mkubwa wa mchana wa kisiwa kizima na sikuwahi kuuhesabu kama mzigo unaokuja na kuondoka. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi ziwani, taa hazichajiwi, betri za gridi badala ya kujaa saa tisa zinajaa saa tano asubuhi. Nilitandika tarehe za kukatika juu ya kalenda ya mwezi zikakaa kama kidole na pete.

Lakini betri kujaa mapema sio kosa, paneli zinatakiwa zipunguze tu. Kwa nini zikate? Hapa ndipo inapoingia ile ya frikwensi ndio meseji. Kwa mpangilio wetu wa wakati ule betri ikijaa inveta yake haikuwa na njia nyingine ya kuziambia inveta za sola zipunguze isipokuwa kupandisha frikwensi. Kwetu zimesetiwa zianze kupunguza Hz 51 na zifike sifuri Hz 52. Kwa hiyo saa tano betri inapandisha, 50.8, 51.3, sola zinaanza kutulia, na mawakala wangu waliotunzwa vizuri wanaona nini? Wanaona frikwensi imepotea njia! Wanaivuta irudi 50. Yaani betri inapiga kelele nimejaa nimejaa, na wenyewe wanaifunika mdomo kwa nia njema. Frikwensi inashuka, sola zinarudi kwa nguvu zote, betri inapandisha tena, wanaivuta tena. Kwenye logi ilikuwa 51.3, 50.1, 51.4, 50.2, masaa mawili mazima, mpaka seli moja ya betri inapita volteji yake na BMS, kile kifaa kinacholinda betri, inafungua kontakta kuiokoa. Betri ndio zilikuwa zinashikilia gridi. Giza.

Kazi yao walikuwa wanaifanya bila kosa ndio maana kila nilichopima kilikuwa sawa, mimi ndiye niliyewapa kazi ya kufuta ujumbe.

Nilivyorekebisha: wakala wa betri akikaribia kujaa anapiga mbiu kwa wote, na kuanzia hapo kila mmoja anagandisha sahihisho lake, haruhusiwi kuvuta frikwensi kushuka mpaka mbiu iondolewe. Halafu mawakala wa sola wanaambiwa moja kwa moja kwa kilowati, wewe toa 6 wewe 4, wasisubiri frikwensi. Ile 51 hadi 52 sikuiondoa, ni breki ya mwisho meseji zikipotea, usije ukaitoa kwa kujiamini. Na lile sahihisho lililogandishwa lisafishwe taratibu, mara ya kwanza nililisahau, jioni mzigo uliporudi mawakala walilitoa lote kwa mpigo taa zikaruka. Baada ya hapo nikaongea na wenye gridi wakashusha bei ya mchana siku za mbalamwezi, mwenye mashine ya barafu akafurahi kweli.

Pembeni kidogo, msidhani ni ujinga wa visiwani. Ujerumani kanuni ya zamani ilitaka inveta za sola zijitoe zenyewe frikwensi ikifika 50.2, wakati sola ni chache haikuwa shida, zikawa nyingi wakagundua zote zingejitoa kwa sekunde moja na gridi ingeanguka, ikabidi mwaka 2012 itoke sheria ya kurekebisha za zamani ziwe zinapunguza taratibu. Ni kaka wa tatizo langu, mashine nyingi zinajibu ishara moja kwa namna moja.

Umeme ukirudi unakata tena papo hapo

Na huyu ni binamu yake. Friza zenye mawakala zimefundishwa zijizime frikwensi ikishuka, vizuri sana, zinasaidia. Ila zikishajizima pamoja zinapata joto pamoja, zinawaka pamoja, na kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Friza 30 kwa pigo moja zinaangusha kila kitu. Kila wakala wa friza arushe bahati nasibu yake asubiri, kati ya sekunde 0 na dakika 10, na bahati nasibu iwe ya kweli, niliwahi kuona zote zimepewa namba ileile ya kuanzia kwa hiyo zote zilikuwa "zinabahatisha" sekunde ileile.

Mnada umepita, aliyeshinda hatoi

Mifumo mingi inapanga umeme kwa mnada, ni mtindo wa zamani tu, mtafiti wa kompyuta Reid Smith aliuandika mwaka 1980: wakala mmoja anatangaza nahitaji kilowati 4, wengine wanataja bei, mwenye bei nzuri anapewa kazi. Shida inakuja pale mshindi anapopewa kazi halafu kimya. Pale Kirumba Mwaloni mtu akikubali mzigo wa samaki halafu asionekane, muuzaji hakai mpaka samaki waoze, anamgeukia wa pili. Wakala wako naye awe na wa pili mkononi, na kipindi cha kusubiri kisizidi sekunde chache, na mita ndio ithibitishe umeme umetoka, siyo neno la mshindi.

Ila jiulize kwa nini mshindi hakutoa. Wetu alikuwa anasema ukweli wa kwenye karatasi: mimi ni inveta ya kilowati 10. Nilipofika nikaweka mkono juu ya kasha nikautoa haraka. Ni wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, usiku uliopita walikuwa wamefuata taa ya usalama iliyofungwa juu kabisa ya inveta, na kichujio cha feni kilikuwa kimeziba, tabaka kama la uji uliokauka, kijani kijivu, lina harufu ya samaki. Inveta ikipata joto inajipunguza yenyewe, ilikuwa inatoa 6 na wakala anaahidi 10 kila mnada. Sasa nimemwandikia wakala asome joto la ndani kwanza ndipo ataje uwezo, taa nimeihamisha mita 15 mbali na chumba, na kwenye msumari nyuma ya mlango nimening'iniza brashi ya rangi ya inchi mbili. Asubuhi baada ya wadudu dada anayesoma mita anazima feni, anasugua, anawasha.